Damu Ile Haikuwa ya Uzinzi

Mbagala, Dar es Salaam

Mdogo wangu Rashidi,

Hujambo? Mama naye anaendeleaje na mgongo wake? Maji hapo Kitangari yanatoka, au bado mnayafuata mbali? Nimesikia mikorosho yetu imeanza kutoa maua na unapuliza dawa ya salfa peke yako. Pole kwa kazi. Mimi huku ni mzima wa mwili. Shemeji yako Mwanahawa yu hai. Zaidi ya hapo sitakudanganya.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatia. Jumapili dada yetu Somoe alinipigia akilia. Anasema umempiga mkeo Fatuma mpaka jicho limefunga, kisa alitoka damu mkiwa chumbani na wewe ukasema ana mwanaume. Somoe alipokushika mkono ukamjibu, "Kaka Ismaili alimfanya mkewe hivihivi. Mbona hamkumshika?"

Swali hilo ni langu. Basi nakujibu mimi. Keti usome.

Kwamba nilimpiga Mwanahawa unajua. Yote huyajui, maana nilipotoka gerezani nilikuwa nasimulia nusu.

Ulikuwa msimu wa korosho, mwaka juzi. Kila nikimkaribia anatoka damu, na siku zake hazijafika. Mara ya kwanza nilimwuliza, akasema amechoka. Mara ya pili akanyamaza, na mimi kule kunyamaza nikaona ndiyo hatia yenyewe. Asubuhi moja tulikuwa shambani tunaokota. Akainama, nikaona doa kwenye kanga. Sikuuliza tena. Nilichukua jembe, nikamgeuzia upande wa mpini, nikampiga nao begani. Akainua mkono kujikinga, nikaupiga mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika, Rashidi, na sikuacha. Akaangukia korosho alizokwisha kuokota, nikampiga teke la tumbo. Alikuwa anasema neno lilelile, "Baba Zainabu, naumwa. Baba Zainabu, naumwa." Mimi napiga kelele, "Mtaje! Mtaje nani!"

Hakumtaja mtu kwa sababu hakuwepo. Nikamtafutia mwenyewe. Nikamkumbuka Chande, yule muuza maji wa baiskeli, kwa kuwa alizoea kumwingizia madumu mpaka jikoni. Nilimkuta anasukuma baiskeli mlimani. Nilikuwa na panga. Hakuwahi hata kunisalimu. Panga la kwanza lilipasua dumu, maji yakamwagika njiani. La pili likamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Akakaa chini kwenye yale maji, anaviangalia. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Nimekukosea nini, kaka?"

Vijana wa pikipiki walinirukia kwa mawe na minyororo. Waliniponda mpaka nikapoteza fahamu, na kama polisi wangechelewa kidogo ningefia pale, nikiamini bado kwamba nilikuwa na haki.

Haya yanayofuata alinisimulia Mwanahawa mwenyewe. Walimpeleka hospitali Newala kwa ajili ya mkono. Muuguzi aliyemvua kanga alidhani damu ile ni ya mateke yangu. Akamsafisha, damu ikaendelea.

"Mama, damu hii imeanza leo?"

"Hapana. Tangu tunavuna mbaazi."

"Na hukuja?"

"Ningekujaje? Mume wangu angeniuliza nafuata nini huku."

Wakampima. Saratani ya mlango wa kizazi.

Mimi nikafungwa. Mjomba wake akamchukua akakae kwake Lisekese. Hospitali ya Masasi wakasema aende Dar es Salaam akapate mionzi, lakini mjomba miguu yake ni mibovu, na hakupatikana mtu wa kuja kukaa naye huku mji wa watu. Akakaa kusubiri. Ugonjwa haukusubiri. Nilipotoka nilikwenda Lisekese kumwangukia. Mjomba alinichapa mkongojo usoni mpaka damu ikaniziba macho, akasema, "Umekuja kummalizia?" Mwanahawa akajibu toka ndani, kwenye mkeka, "Mjomba, mwache. Kwani nani mwingine atanibeba?"

Hakusema amenisamehe. Hajasema mpaka leo.

Kwa hiyo nikamleta huku Dar es Salaam, na nambeba. Nambeba kumpeleka msalani, nambeba kumpandisha kwenye bajaji ya hospitali. Hana uzito. Mionzi ilimchoma ngozi, dawa ya dripu ikamtapisha mpaka nyongo. Kuna siku aliuma kanga ili jirani wasimsikie akilia, meno yakatoboa kitambaa.

Siku ya kwanza hospitalini nilifanya ujinga. Nilimwuliza daktari, mama wa makamo, Mwanahawa akiwa palepale, "Ugonjwa huu ameupata kwa nani?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Wewe, baba, umepita kwa wanawake wangapi kabla yake?"

Nilianza kuhesabu, nikaacha.

"Huu unaanza na kirusi kinachopita kitandani," akasema. "Mwanaume anakibeba hana hata kipele. Wanawake wengi miili yao inakifukuza. Kwa wachache kinabaki, kinakaa miaka na miaka ndipo kinaleta saratani. Huenda wewe ndiye uliyemletea, kabla hata hamjazaa. Sina kipimo cha kukuonyesha mtu. Basi acha kutafuta wa kumpiga."

Mwanahawa akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya shambani, na kilikuwa kicheko kibaya. Mawe ya wale vijana hayakuniumiza vile.

Sasa nisikilize. Damu ya Fatuma huenda si saratani. Daktari anasema zipo sababu nyingi, nyingine ndogo tu. Lakini huwezi kujua kwa kumtazama, na kwa kumpiga ndiyo kabisa. Hospitalini wataangalia, na wakitilia shaka watachukua kinyama kidogo wakakipime. Na mwanamke hapaswi kusubiri damu. Hata aliye mzima anapimwa: wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, siki hiihii ya kachumbari, pakigeuka peupe wanajua kuna kitu kinaanza. Kikikutwa mapema hivyo wanakitibu kabla hakijawa saratani, mara nyingi siku hiyohiyo, mtu anarudi kwake kwa miguu. Mwanzoni hakiumi hata kidogo. Ndiyo ubaya wake. Mwambie na Somoe akimpeleka Fatuma apimwe yeye pia.

Lingine ni la Salma. Nimeambiwa ulimburuta mwanao kutoka kwenye foleni ya chanjo shuleni, ukamwinulia mwalimu panga, ukisema sindano itamfunga kizazi. Rashidi, kinachofunga kizazi mimi nimekiona. Kinatoka damu, kinanuka, na kinamlaza mwanamke ubavu mmoja kwa sababu mwingine hauwezi kuguswa. Ile sindano inamkinga mtoto na kirusi kabla hajakutana nacho, ndiyo maana wanachanjwa wasichana wadogo. Salma bado yuko kwenye umri. Mrudishe, na mwalimu umwombe radhi mbele ya watoto uliowatisha.

Na wewe, hao wanawake wa mnadani waache. Kama huwezi, vaa kondomu, ingawa haizuii yote. Sigara nazo daktari alizitaja.

Wiki iliyopita tuliitwa tena chumbani kwa daktari. Alisema wazi kwamba tulikuja tumechelewa. Sasa wanachofanya ni kupunguza damu na maumivu. Nilipomwambia Mwanahawa kwamba nakuandikia, aliomba maji, akanywa. Kisha akasema, "Mwandikie kwamba damu sikuiogopa. Nilikuogopa wewe."

Nimeyaweka kama alivyoyasema; huyo "wewe" ni mimi.

Alhamisi asubuhi Somoe atakuja na pikipiki kumchukua Fatuma, wanakwenda Newala. Usisimame mlangoni. Ukimgusa tena, polisi nitawapigia mimi, kaka yako wa tumbo moja, na mahakamani nitakuja kusimama upande wake.

Msalimie Mama, mwambie Zainabu anasoma vizuri huku na anamkumbuka bibi yake. Mpe shikamoo yangu mjomba wetu, na wazee wa msikitini uwaombe dua kwa ajili ya shemeji yako. Chande ukikutana naye mpe salamu zangu, asipoitikia mwache apite.

Ukimaliza, barua hii mpe Fatuma. Aisome mwenyewe, usimsomee.

Ni mimi kaka yako,
Ismaili