Chuma Ulichomchagulia Pauline

Baba Latifa,

Assalamu alaykum, huko uliko. Eda yangu imekwisha juzi, na leo nimekaa jikoni kwenye kiti chako, mbele ya ile mashine yako ya kujazia risasi. Bastola na risasi polisi walikuja kuzichukua wiki ile ile ya mazishi. Walisema kibali kilikuwa chako, si changu. Mashine na vyuma vyake wakaviacha. Latifa, kwa Kiingereza chake, ananiambia nivitupe.

Nakuandikia kwa sababu ya Pauline.

Unakumbuka ulivyohangaika kuchagua vile vyuma vya kubania? Kwamba risasi ikishakaa ndani ya ganda, mdomo wa ganda lazima ubanwe, isije ikalegea. Sikujua kwa kukuuliza. Ulikuwa ukimweleza Pauline kwenye simu, nami nakaanga samaki nyuma yako. Bastola yako ilitaka chuma kinachobana mdomo ukabaki umenyooka. Rivolva yake ilitaka kinachoukunja kwa ndani. Chako ulikinunua bila hata kufikiri. Chake ulikitafuta Jumamosi baada ya Jumamosi, na ulipokipata ulikileta umekifunga kwenye leso. Leso niliyoipiga pasi mimi.

"Ni mwenzangu wa klabu ya shabaha tu, Zuwena," ulisema.

Nilikuamini. Wivu wangu haukuwa wa kitandani. Ulikuwa wa ile sauti yako. Ukirudi kutoka kazini, kule ghalani Hayes, kwangu ulikuwa na "ndiyo" na "hapana". Simu yake ikilia, unacheka.

Basi Pauline alikuja, nami bado ndani ya eda. Kashika maua, kajitanda mtandio, kaukosea. Akalia sana. Kisha akasema ulimwahidi kile chuma cha rivolva yake.

Nikamwambia, "Hakitoki."

Akayaweka maua mezani. Halafu akasema, "Alininunulia kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alitaka nijue kujaza mwenyewe, kabla hajashindwa."

Mikono ipi, Baba Latifa? Mimi muuguzi. Kutwa nashika mikono ya wazee wa watu, najua upi unatetemeka kwa baridi na upi kwa maradhi. Na wako sikuuona! Ulipoacha kikombe kidogo cha kahawa ukataka magi la kushika kwa mikono miwili, nilidhani umekuwa Mwingereza. Nikakucheka. Maradhi yako nimeyasikia kwa daktari, wewe umelala husemi tena. Yeye aliyajua tangu majira ya baridi.

Nilitaka kumfukuza. Wallahi nilishafungua mlango. Nikaufunga.

"Kaa," nikamwambia. "Niambie yote aliyokwambia. Usipunguze hata neno."

Akaniambia, chai ikapoa, alasiri ikaingia. Kwamba uliogopa nitaacha kazi nikuuguze. Kwamba ulisema baada ya Mapinduzi niliacha nyumba ya mama Unguja nikakufuata wewe, na hukutaka niache kitu chengine tena kwa ajili yako. Maneno mazuri. Yalikuwa yangu, mume wangu, na nimeyapokea kwa mdomo wa mwanamke mwengine, kwa Kiingereza.

Chuma chake nikampa. Usidhani ni wema. Sikutaka kukiona tena mezani kwangu. Akataka kunikumbatia nikamwacha anikumbatie, lakini mikono yangu mimi niliiweka chini.

Tangu siku ile nakulilia na nakununia, vyote kwa pamoja. Kila Ijumaa nitakusomea Yasini, hilo nakuahidi, na sitakosa hata nikiwa zamu. Lakini siku nitakapokuja huko, usinipokee kwa salamu peke yake. Unikalishe chini, unieleze mwenyewe, tangu mara ya kwanza mkono ulipokukataa. Nitajifanya sijawahi kusikia.

Buriani, Baba Latifa. Mungu akulaze pema.

Mkeo,
Zuwena