Kikao cha Wavuvi wa Ndoano wa Kasha: Suala la Rosalie

CHAMA CHA WAVUVI WA NDOANO, KASHA, BAGIRA
Jumamosi, 14 Septemba 2024, saa nane mchana, nyumbani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Hadji Amuri (Mwenyekiti), Maman Colombe (Katibu), Papa Philémon, Yassine na wanachama wengine sita.
Hawakuhudhuria: Papa Gentil, kwa msiba; Josué, bila udhuru, ingawa alionekana akitoka na kopo la minyoo.
Aliyefika bila kualikwa: Maman Godelive, mke wa Papa Philémon.

KUMB. NA. 1/09/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa dua. Papa Philémon alimalizia kwa ishara ya msalaba, kama kawaida yetu.

KUMB. NA. 2/09/2024: MAHALI PA KUVULIA KARIBU NA NYUMBANI
Mwenyekiti alieleza kwamba mto Ruzizi ni mbali kwa miguu, na siku hizi ndoano inanasa chupa zaidi kuliko samaki. Alipendekeza kila mwanachama aonyeshe wenzake mahali pamoja pa karibu, kwenye mto mdogo wa hapa mtaani. Wote waliunga mkono. Hakuna aliyetaja pake.

Yassine alisema aanze Papa Philémon, ambaye hurudi na kambale watatu kabla chai haijapoa. Papa Philémon alijibu kwamba goti lake halifiki mahali pengine popote. Akipaonyesha leo, Jumapili kutakuwa na ndoano ishirini, naye atabaki kusimulia tu. Yassine alimwita mchoyo. Mwenyekiti aliomba neno hilo lifutwe. Katibu alikuwa ameshaliandika.

KUMB. NA. 3/09/2024: JAMBO LISILOKUWA KWENYE AJENDA
Saa nane na nusu Maman Godelive aliingia na gunia la nguo. Alisema anaenda Mudaka kwa kaka zake, na harudi, lakini kwanza aonyeshwe mtu mmoja.

"Rosalie ni nani? Munionyeshe ye, nimuone na macho. Muzee wangu iko na deuxième bureau, mwanamuke wa inje, na nyiye wote munajua!"

Ieleweke kwamba kifungu cha sita cha kanuni zetu kinataka kila mahali pa kuvulia paitwe jina la mtu, ili majirani wakisikia wasifuate. Pa Mwenyekiti panaitwa Shemeji. Pa Papa Philémon panaitwa Rosalie. Yassine alikiri kwamba Alhamisi alipiga simu kwa Papa Philémon, ikapokelewa na mkewe, naye akasema bila kufikiri: "Maman, umuambie papa asimufiche Rosalie peke yake, na siye tunamutaka."

Papa Philémon alimgeukia mkewe. Kisha alisema:

"Rosalie haiko mutu, mama. Iko jiwe. Nakaa juu yake, naweka miguu ku mayi."

Wanachama walicheka. Maman Godelive hakucheka. Aliuliza ni mbali kiasi gani. Akajibiwa: dakika kumi. Aliuliza tangu lini. Akajibiwa: miaka tisa.

"Kama ingekuwa mwanamuke, ningejua namna ya kupigana naye. Miaka tisa, dix minutes toka ku nyumba, na haujawahi kuniambia 'twende'?"

Katibu aliona uchungu, na anaomba hilo libaki katika kumbukumbu.

Papa Philémon alianza kueleza kwamba samaki hukimbia watu wanaosema sana. Mwenyekiti alimsihi asiendelee. Ndipo Papa Philémon aliposimama kwa shida, akachukua gunia la mkewe, akasema: "Twende, basi. Sasa."

KUMB. NA. 4/09/2024: MAAZIMIO
Yassine alipendekeza kuanzia leo mahali paitwe majina ya wanaume tu. Maman Godelive alipinga akiwa mlangoni: "Rosalie abakie Rosalie. Nimeisha zoea kumuchukia, siwezi anza na mwingine." Pendekezo lilianguka.

Iliazimiwa kwamba Rosalie ni wa watu wawili. Wengine watafute wa kwao.

KUMB. NA. 5/09/2024: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa tisa na dakika ishirini. Hata hivyo, kwa amri ya Mwenyekiti, wanachama walibaki wameketi, migongo mlangoni, hadi saa kumi kamili, ili asijue mtu njia iliyoshikwa. Yassine aliomba kwenda kunawa mikono. Alikataliwa.

Katibu peke yake alikaa akielekea dirisha, kwa ajili ya mwanga wa kuandikia. Aliona Papa Philémon akichechemea na gunia, na mkewe mbele yake akibeba kopo la minyoo la mumewe. Hawakushika njia ya Mudaka. Njia waliyoshika haikuandikwa.

Mwenyekiti: Hadji Amuri (sahihi)
Katibu: Maman Colombe (sahihi)