Kwa Dada Mwanaidi, Uliyezikwa Mbali na Baba

Hyattsville, Maryland
Mei, 1999

Dada Mwanaidi,

Leo Zawadi ameendesha baiskeli bila kushikwa. Nikaona wewe mama yake ndiye wa kwanza kuambiwa, kwa hiyo nimekaa kukuandikia, ingawa ulipo hakuna posta.

Theluji imekwisha. Sasa tukija kukusomea dua tunaweza hata kukaa chini kwenye majani. Siku ile tunakuzika ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Mashine ya kuchimba inagonga tu, inagonga, na mimi nimesimama pembeni na Wanjiru, yule nesi rafiki yako wa Riverdale. Amenishika mkono, Mkristo wa watu, analia kuliko mimi. Nami nawaza jambo moja tu: dada hakutaka hapa.

Maana ulisema mwenyewe. Pale hospitali, sauti imebaki kidogo, uliniambia, "Saumu, mnipeleke kwa baba." Nikakubali. Ulipofariki nikampigia kaka Shabani kule Pangani kumwambia tunakuleta. Akasema, "Msimlete. Kwa baba hapapo tena. Maji ya bamvua, bahari ilipojaa kupita kiasi, yameingia makaburini, yamechukua safu yote ya mbele."

Walikuficha, dada. Walijua unaumwa, wakaogopa kukwambia.

Halafu mama akachukua simu. Hakulia. Alisema, "Mzike huko huko, mwanangu. Ukimleta hapa tutamzika mara mbili."

Na wewe ndiye uliyekuwa ukituambia! Wenzetu wakikutania kwenye sherehe, "Mtu wa Pangani na barafu wapi na wapi?", wakisikia kutwa unakaa ofisini unatazama picha za setilaiti za Ncha ya Kusini. Siku moja hapa nyumbani uliwaburuta mpaka jikoni ukawaeleza huku unageuza pilau. Barafu iliyo juu ya nchi kavu ikiyeyuka inaingia baharini, na bahari yenyewe ikipata joto inatanuka. "Sasa hayo maji yatakwenda wapi?" ukauliza. "Yatakwenda kwa mama." Ulivyotaja kwa mama, utadhani kituo cha basi. Tulicheka sana, dada. Tulicheka mpaka pilau likaungua.

Wala hukuisingizia barafu kila kitu. Ulisema hata sisi tumekata mikoko, tumezoa mchanga wa pwani kujengea, tumeiacha bahari mlango wazi.

Nakumbuka uliporudi kutoka kwenye ile meli ya utafiti iliyokupeleka Ncha ya Kusini, midomo imepasuka kwa baridi. Ulikaa kitandani kwangu na koti lako jekundu, hukutaka hata kulivua, ukanihadithia ndege wasioruka wanaokuja kusimama mbele yako wakikutazama kama wenye nyumba wanaomtazama mgeni asiyebisha hodi. Ukasema, "Saumu, nao wana kwao."

Zawadi hataki koti lile lifuliwe. Analala nalo. Wiki ile ya kwanza aliniuliza, kwa hicho Kiingereza chake, kama unasikia baridi huko chini. Nilimwambia hapana. Nikaingia bafuni nikafungua maji ya bomba ili asinisikie.

Habari za nyumbani si nzuri. Mwaka jana bahari ilipata joto isivyo kawaida na matumbawe yakawa meupe, mengi yamekufa. Shabani anasema samaki wamekuwa wa kutafuta. Makaburi yaliyosalia wameyahamishia juu, kwa ruhusa ya shehe. La baba hawakulipata. Mama amehamia kwa Shabani, na amegeuza kitanda ili asiamke akaiona bahari. Mama yetu, aliyetufundisha kuogelea!

Lakini wanawake wa mtaani wamepanda mikoko kama ulivyokuwa ukiwasihi kila ukienda likizo. Miche ya kwanza ilisombwa yote. Wamepanda tena. Safari hii, Shabani anasema, mama alishuka nao matopeni. Alipanda, akarudi ndani.

Shabani ananitaka nirudi moja kwa moja na mtoto. "Huko unamngoja nani?" ameniuliza. Nimelia kwa swali hilo, dada, maana jibu ninalo na siwezi kulitamka kwenye simu.

Shule zikifungwa tunakwenda. Nitampeleka Zawadi mpaka pale maji yalipo sasa, tumwombee babu yake tukiwa tumesimama majini, kisha nimfundishe kuogelea hapo hapo. Sitaki aiogope bahari. Nitapanda mikoko kwa mkono wangu, na yeye apande wake.

Halafu tutarudi. Wewe ndiye uliyenileta ugenini huku, ukanipokea uwanja wa ndege na sweta mkononi. Siwezi kukuacha peke yako katika ardhi ambayo hakuna mtu wetu mwingine ndani yake. Mungu akulaze pema, dada yangu. Kabla baridi haijaingia, utatusikia tumekuja.

Mdogo wako,
Saumu