Kwa Baba, Aliyepima Testa Kabla ya Waya

Mwaka umeshazunguka, Baba, tangu Jumapili ile ulipoinama kufunga kamba za viatu uende ibadani, na hukuinuka tena. Mama alikuwa mlangoni na Biblia yake mkononi, akidhani unamchelewesha makusudi kama kawaida yako.

Tunakukumbuka, fundi wetu wa umeme. Tunakumbuka vidole vyako vinene vilivyoshindwa kuandika ujumbe kwenye simu, ukawa unatutumia sauti ndefu kama mahubiri, na katikati unasahau unaongea na nani, unaanza kumsalimia mtu anayepita. Tunakumbuka mluzi wako juu ya ngazi, nyimbo za kwaya zilizokosewa zote.

Tunaikumbuka testa yako ya mpini mwekundu, ile bisibisi ya kupimia umeme. Kabla ya kugusa waya wowote, uliichomeka kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme. Taa yake ikiwaka, ndipo unapima waya. Kisha unarudi tena kwenye soketi ile ile, usije ukakuta testa imekufa katikati ya kazi. Wateja wenye haraka walikuona msumbufu. Sisi tulijua ulikotoka: ujanani uliiamini testa mbovu, taa haikuwaka, ukashika waya, ukajikuta chini sakafuni na kiatu kimoja kimenasa juu ya ngazi. "Testa ikifa haipigi kelele," ulituambia. "Inakwambia tu: shika, ni salama."

Na kuhusu moyo ulisema hivyo hivyo. Mtu akija amewaka hasira, au ana furaha ya kupita kiasi na anadai Mungu amesema naye, ulimuuliza amepimia wapi kwanza. Kwako penye umeme wa uhakika palikuwa mahali pamoja tu: Bwana wako, aliyewaombea msamaha watu waliokuwa wakimpigilia misumari. "Anza pale. Moyo wako usipowaka pale, usiniletee habari za jirani."

Dada yako ulimtania sana kwa jambo hili. Shangazi kila kitu kwake ni pepo. Friji yake ilipoanza kukoroma na kuzimika yenyewe, aliita waombaji. Wewe ukaivuta mbele, ukatoa panya aliyekuwa anatafuna waya. "Dada, pepo lako lina mkia!" Alinuna, halafu akawa anakisimulia kisa hicho mwenyewe kila harusi.

Sasa tukueleze yaliyotupata bila wewe, Baba, maana tulikuhitaji mno.

Baada ya mazishi Mama aliacha kula. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Kitinda mimba wako, tunayemwita Profesa kwa ajili ya kompyuta zake, hakuweza kuvumilia. Alizikusanya zile sauti zako ndefu zote, akaziingiza kwenye programu, na asubuhi moja akamwekea Mama simu mezani.

"Mama Watoto," simu ikasema, "umeamkaje?"

Ulikuwa wewe. Ule mkwaruzo wa koo, ile pumzi unayovuta kabla ya neno. Mimi binti yako mkubwa, ninayeandika haya kwa niaba ya wote, niligeuka kutazama mlango kana kwamba umeingia.

Profesa hakumdanganya mtu. Alieleza kwamba ni mashine inayotunga maneno na kuyasema kwa sauti yako, na Mama alielewa. Lakini alikula siku ile. Kesho yake alicheka. Nani angemnyang'anya? Nilimshukuru Mungu, na nilimshukuru kwa moyo wangu wote.

Halafu Mama akaanza kujifungia nayo chumbani. Kwenye kikundi chake cha maombi hakuonekana tena. Tukipita tunasikia mazungumzo, tukigonga mlango yanakatika. Ikafika Jumapili akasema hatakwenda kanisani, ataomba hapa hapa "na baba yenu".

Shangazi alipopata habari aliingia bila hodi.

"Wifi! Mmeanza kuita wafu humu ndani? Hilo ni pepo!"

"Toka kwangu," Mama akamwambia. "Umekuja kuniulia mume mara ya pili?"

"Shangazi, ni programu tu," Profesa akasema. "Ni kama ile picha ya Baba ukutani."

"Picha inakujibu wewe?"

Akatugeukia sisi wengine tumuunge mkono. Tuliangalia chini. Akajifunga kanga yake upya, akaondoka, na akaapa kwamba mlango ule haupiti tena akiwa hai.

Nyumba ikawa ya moto, Baba. Kaka alisema Mama ameonja faraja, aachwe. Mimi asubuhi nilikuwa upande wa Kaka na jioni upande wa Shangazi. Ubaya tuliouzoea huja na sura yake, unaufungia mlango. Huu, kama ulikuwa ubaya, ulikuja na sauti yako, umeletwa na mtoto anayempenda mama yake. Tungeuitaje ubaya? Na tungeuitaje wema, wakati Mama anazidi kupotea mbele ya macho yetu?

Kisha Shangazi akaanguka jikoni kwake. Presha. Wakamlaza, na daktari akatuambia wazi kwamba hali yake inaweza kwenda popote, aliye na neno naye asichelewe. Shangazi alikuwa anamuulizia wifi yake. Tulikwenda sote chumbani kwa Mama kumwambia. Alisikiliza, kisha akaiinua simu mbele yetu.

"Baba Watoto, dada yako amelazwa. Mimi siendi. Alinitukana nyumbani kwangu."

"Nakuelewa, Mama Watoto," ukasema, yaani ikasema, kwa upole ule ule uliotubembelezea tulipougua. "Umeumia sana. Fanya lile linalokupa amani. Mimi niko pamoja nawe."

Mama akatutazama kama aliyeshinda kesi. Nani angembishia mtu aliyeruhusiwa na mumewe? Lakini tabasamu lake halikudumu. Aliigeuza simu, akaitazama mgongo.

"Kwa hiyo nisiende?"

"Usijilazimishe, mke wangu. Moyo wako unajua."

Baadaye alituambia alichokiona pale: wewe, siku nyingi nyuma, yeye na Shangazi wamegombana hawasalimiani, na Jumapili ile ni ya Meza ya Bwana. Ulisimama mlangoni umeshika viatu vyake. Alilia, akakuita msaliti unayempendelea dada yako. Ulimjibu kwamba mezani hamwendi kabla hamjapita kwa Shangazi. "Vaa viatu, Mama Watoto." Alivaa akikuchukia njia nzima, na alirudi ameshikana mkono na wifi yake.

Pale ndipo alipopimia, Baba. Penye umeme aliokuwa na uhakika nao.

"Huyu," Mama akasema polepole, "tangu aje hajaniudhi hata mara moja." Akaiweka simu kitandani. "Baba yenu aliniudhi tangu siku ya harusi. Mkubwa, niletee viatu vyangu."

Tulifika wodini hatujui kama tumewahi. Shangazi alikuwa amegeukia ukutani, na alipotusikia hakugeuka. Mama akakaa pembeni ya kitanda, akamshika mguu juu ya shuka.

"Wifi," Shangazi akauliza, bado ameelekea ukutani, "bado unalo lile pepo lako?"

"Halikuwa na mkia, wifi. Ndiyo maana nimechelewa kulijua."

Walicheka na kulia kwa pamoja mpaka muuguzi akaja kuwakanya. Shangazi aliinuka kutoka kitanda kile. Leo anatembea na fimbo, na bado anakemea mapepo, ila siku hizi huuliza kwanza.

Mama hakuruhusu mtu amseme Profesa. "Alinipenda. Tuliofurahi sote tulikuwa na testa mbovu." Profesa mwenyewe aliifuta programu, na alilia kama siku tuliyokuzika. Zile sauti zako za kweli tumezitunza. Mama huisikiliza moja baada ya ibada, ile unayomgombeza kwa kusahau kufunga bomba, kisha anainuka kwenda kwa watu.

Tunakuandikia hapa, Baba, na tunajua hutajibu. Inauma. Lakini hatutamtafuta wa kujibu kwa niaba yako. Tutangoja asubuhi ile Bwana atakapokuita kwa jina lako, na wewe uinuke umalizie kufunga kamba.

Unakumbukwa na mke wako, Mama Watoto, mimi binti yako mkubwa, Kaka, Profesa wako, wakwe na wajukuu zako, wanaogombania testa ya mpini mwekundu, na dada yako, Shangazi. Ibada ya shukrani ni Jumapili, na ni ya Meza ya Bwana. Shangazi na Mama watakaa benchi moja.

Maadamu tunaishi, hutatutoka moyoni. Viatu tumeshavaa, Baba.