Ukuta wa Koko kwenye Beseni

Jumatano, 5 Juni
Maji, kuni, shule, maharagwe. Mashindano ya sayansi ya Mbarara ni wiki ijayo. Swali: miji ya pwani ifanye nini bahari ikipanda? Mwalimu amenichagua bila kuniuliza. Nitalazimika kusema mbele ya watu.

Bahari sijaiona. Nalijua ziwa Tanganyika, kule Uvira tulikotoka kabla ya kambi hii ya wakimbizi, Nakivale. Ziwa limepanda, linakula nyumba za ufukweni. Nitatengeneza mji kwenye beseni. Na ukuta.

Alhamisi, 6 Juni
Koko, mama yake Baba aliyebaki Uvira, ametuma sauti kwa simu. Mawimbi nyuma yake, kama kawaida. "Mujukuu, maji inafika ku mulango. Baba yako anasema tujenge ukuta ya mawe. Weye unasoma mingi. Tujenge ao tuhame?"

Baba ameshamtafuta fundi. Nitajaribu kwanza kwenye beseni.

Jumamosi, 8 Juni
Nimejaza beseni mchanga, kama ufuko wa kwa Koko. Ukuta ni wa udongo huu tunaokandikia nyumba, nikaupaka nta ya mshumaa. Nikamwaga maji upande wa ziwa. Ukuta haukuvuja. Lakini nyuma yake mchanga ulilowa, kisha nyumba za kadibodi zikaelea. Maji yamepita chini.

Nimerudia. Vilevile. Nalichukia beseni hili.

Jumatatu, 10 Juni
Mwalimu amepata dawa: kipande cha turubai nyuma ya ukuta, kizikwe mchangani mpaka kitako cha beseni. Mji sasa mkavu. Amefurahi.

Mimi sina raha. Nani atazika turubai chini ya ufuko wote wa Uvira? Jioni Baba aliona mji mkavu, akacheka, akampigia fundi aanze wiki ijayo. Turubai sikumwonyesha. Mwoga.

Alhamisi, 13 Juni
Mbarara. Msichana wa shule ya kambi ya jeshi, binti wa sajini, alichungulia meza yangu. "Nyinyi watu ya Nakivale, mnabeba matope mpaka huku? Hapa iko mingi."

Majaji walipofika nikalichomoa turubai. Mji ukazama mbele yao. Nikasema: ukuta unafaa kwenye mwamba. Kwenye mchanga, watu wahame mapema, pamoja na kazi zao, ufuko uachiwe maji.

Mwalimu alitazama viatu vyake. Hatukushinda. Yule msichana akauliza, "Sasa watu yako wataenda wapi?" Majaji hawakuuliza hilo.

Ijumaa, 14 Juni
Nimemwonyesha Baba beseni bila turubai. Alichuchumaa akaangalia mpaka nyumba ya mwisho ikaelea. Akanipa simu. "Mwambie weye mwenyewe."

Nikamwambia Koko ahame. Aombe fasi ya kujenga karibu na kanisa, kule juu. Abebe na chanja zake za kuanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Sijawahi kumwamuru mkubwa. Nililia baadaye, nyuma ya nyumba.

Jumatano, 19 Juni
Koko hajatuma sauti. Nasoma ukurasa mmoja tu, siuelewi.

Jumapili, 23 Juni
Sauti ya Koko. "Tumefika. Chanja ziko. Ndagala sasa zitatoka mbali, mujukuu, na miguu yangu unaijua."

Nimesikiliza tena. Nyuma yake kuna mbuzi, na mtu anapigilia misumari. Mawimbi hayapo.