Maji Yote Yaelekea Barabarani

Ijumaa, 3 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi yangu mpya ya kupima visima inanitia wasiwasi.

Kazi ya karani ni kuandika anachosomewa. Mhandisi anateremsha kisimani kifaa cha kuonyesha maji ya ardhini yanakwenda upande gani, anasoma, naandika. Visima vyote vitano vinasema maji yanaelekea barabarani, kwa hiyo taka za kiwanda cha ngozi haziwezi kufika mtaani kwako. Ripoti inatiwa saini Ijumaa ijayo.

Lakini vyote vitano, sawasawa, kama askari kwenye gwaride? Nikisinzia mezani naona maji yakitembea chini ya sakafu, taratibu, yakipapasa kama kipofu anayetafuta mlango. Hayaendi barabarani.

Nimwambie nani? Bado niko kwenye majaribio ya kazi.

Mwanao

Jumatatu, 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko wifi yangu, yaani mama yako.

Mimi ni fundi cherehani, visima sivijui. Ila futi ikivutika, wateja wote hukonda siku moja. Utawapongeza, au utaitazama futi?

Nami nakunywa maji ya kisima cha nne, usisahau.

Shangazi yako

Alhamisi, 9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nilicheka, kisha nikaogopa upya.

Mhandisi alipokwenda kula, nilimsihi fundi wa visima turudie kisima cha nne. Tulikizungusha kifaa nusu duara. Kingekuwa kizima, maji yangebaki na njia yake. Mshale wake ukageuka pamoja nacho: sasa unadai maji yanatoka barabarani, yanakuja kwako!

"Kinajisoma chenyewe," fundi akasema. "Kama bosi."

Mshale umekwama. Nasi kila mara alama ya kifaa tuliielekeza barabarani, maana upande ule una kivuli cha kusimama.

Kwa kweli hakuna ajuaye maji yanakwenda wapi. Nimeandika hivyo kwenye ripoti, vipimo vyote vitano haviaminiki, nikatia jina langu.

Usichote kisima cha nne.

Mwanao

Jumanne, 28 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Hii ni barua yangu ya pili bila jibu.

Jana walikuja watu wageni na kifaa kipya. Kila kisima walipima, wakakizungusha, wakapima tena. Cha nne wakakifunga kwa kufuli. Nikauliza aliko yule karani msichana.

"Karani gani, mama? Hatuna."

Majirani wako foleni kwenye gari la maji, wananung'unika. Mimi nimekutandikia chumba cha nyuma. Njoo, uwe na kazi au huna, na usinieleze lolote mpaka ushibe usingizi.

Shangazi yako