Nani Alitengeneza Kamera ya Mzee Jiwan

Jumatatu, 3 Juni
Barua pepe niliyomwandikia Mwingereza wa lenzi bado haijajibiwa. Baridi ya Iringa, vidole havikunjiki. Nimeifuta vumbi kamera kubwa ya studio, kama kila Jumatatu, miaka kumi na moja sasa tangu niajiriwe. Mzee Jiwan anaifunga studio yake hapa Mlandege. Makumbusho wataipokea kamera, ila wanataka kujua imetengenezwa wapi na nani. Nisipojua hadi Jumatatu ijayo, lenzi inakwenda kwa mnunuzi wa Dar. Boksi la mbao, mwili wenyewe wa kamera, hana haja nalo. Kuni, kasema. Kuni!

Jumatano, 5 Juni
Yule Mwingereza anayekusanya lenzi za zamani amejibu. Lenzi anaijua kwa namba yake: ya kwao, ya kabla ya vita. Boksi halijui. Halimo kwenye katalogi yoyote. Nimekasirika kana kwamba kanitukana mimi. Linakunjuka kwa ulaini ule, kila skrubu ya shaba mfuo wake umeelekea upande mmoja, halafu halina kwao?

Alhamisi, 6 Juni
Nimefungua ubao wa mbele, nikaukwangua kidogo kwa kisu. Harufu ikanipiga puani. Mninga. Mninga kama kitanda cha mama yangu! Miaka yote naamini ni mbao ya Ulaya, kisa imekaa vizuri. Aibu yangu. Ndani, kwa penseli: Ambakisye, Iyunga.

Mzee Jiwan kanuna. Marehemu baba yake alimwambia kamera yote imetoka London. Mchana akalainika. Akakumbuka iliwahi kudondoka ngazini, ikapelekwa Mbeya, ikarudi nzima. Hakuuliza nani kaitengeneza.

Jumamosi, 8 Juni
Iyunga, Mbeya. Nimeuliza maseremala wa kando ya barabara. Wa tatu kanipeleka. Mzee Ambakisye yu hai. Macho ndiyo yamechoka. Nikampa shikamoo, nikamwekea ubao mapajani. Akaupapasa ukingo mzima, alipofika kwenye kona akacheka peke yake. Kamera ya Muhindi wa Iringa, kasema. Boksi la kwanza lilimfikia vipande vipande. Akapima kila kipande, akajenga jipya. Hakuwahi kuona hata picha moja iliyopigwa nayo. Huyu mtu ni fundi, basi tu. Nikamwambia jina lake litawekwa makumbusho.

"Mimi mbao tu, mwanangu. Ile ngozi ya mikunjo nyuma ya lenzi alishona marehemu mke wangu, Tusajigwe. Alifumua mara tatu mpaka mwanga ukakoma kupenya. Ukiniandika peke yangu, usiniandike kabisa."

Jumatatu, 10 Juni
Makumbusho wamekubali. Lenzi, Uingereza. Mbao, Ambakisye. Mikunjo, Tusajigwe. Mzee Jiwan kasoma karatasi mara mbili, kasaini.

Wameomba picha za mafundi wote wawili. Nimempigia simu binti yao. Ya baba ipo. Ya mama haipo. Alikufa hajawahi kupigwa picha hata siku moja.

Nimewaambia waache nafasi yake tupu, jina liandikwe chini.